Siku moja maishani mwangu: fangasi anayejifanya uvimbe wa ubongo

Saa mbili asubuhi niko maabara ya patholojia, naanza na vinyama (vipande vya tishu za wagonjwa) vilivyolala kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, tangu jana. Hapa hakuna stori, unapima, unaandika, unachagua kipande cha kwenda kwenye nta, basi.

Saa nne simu ya thieta, chumba cha upasuaji, inalia. Mgonjwa yuko mezani, MRI ilionyesha uvimbe wa ubongo wenye duara linalong'aa pembeni na kila mtu anawaza glioblastoma, saratani kali ya ubongo, wanataka jibu ndani ya dakika 20 hivi. Kinyama kinagandishwa kwenye mashine yenye baridi ya kama hasi 20, kinakatwa, rangi, darubini. Tishu iliyokufa ipo, tena nyingi, ila seli za saratani sizioni, naona granuloma (kifundo cha seli za kinga) na ndani ya ukuta wa ateri kuna nyuzinyuzi. Nawapigia: jamani huyu ni fangasi, leteni kipande kingine kiende maikrobayolojia kikiwa freshi, msikitie kwenye fomalini, mkikitia hakioti kitu.

Mchana nakula chapchap.

Saa nane ndo utafiti wenyewe. Tunafukua vipande vya zamani kwenye nta tunavipiga rangi upya, Grocott inayofanya fangasi wawe weusi ti, halafu rangi ya elastini, na hii ndo naipenda kuliko zote maana inakuonyesha utando wa ateri umekatika wapi, yaani mlango walioingilia. Aspergillus na mukor, makundi mawili ya fangasi, wakishaingia kwenye mshipa damu inaganda humo, sehemu ya ubongo inayolishwa na mshipa huo inakosa damu inakufa, au ukuta unalegea unatuna mpaka unapasuka. Mtu analetwa na kiharusi kumbe fangasi walianzia kwenye sainasi, zile nafasi za hewa karibu na pua!

Vitabu vinasema Aspergillus ana nyuzi nyembamba zinazotoa matawi kwa digrii 45, mukor ana nyuzi pana zenye matawi ya digrii 90. Sawa, lakini kwenye tishu wamejikunja, wamekatwa kimshazari, so mimi jina silitoi kwa macho tu, nasubiri kuotesha au PCR, kipimo cha DNA. Na si ubishi wa kitaaluma huu, vorikonazoli ni dawa nzuri ya Aspergillus ila mukor haimfanyi kitu.

Saa kumi na moja naandika ripoti ya awali: fangasi kwenye ukuta wa ateri, hakuna saratani kwenye kipande kilicholetwa. Hilo "kilicholetwa" siliachi kamwe, maana mgonjwa wa saratani aliyeshushwa kinga na kemo (dawa za saratani) anaweza kuwa na vyote viwili. Grocott ya mgonjwa wa leo ni kesho.