Tumekutana Tukuyu

Jumapili usiku, Oktoba

Umeme umekatika tangu saa moja, naandika kwa simu yenye chaji robo. Dogo amelala sakafuni juu ya mkeka, tumbo wazi, dirisha wazi, na upepo wa mlimani unaingia bila kubisha hodi. Mimi nimejifunga kitenge juu ya sweta. Mgeni akiingia sasa hivi atasema nyumba hii ina mama mkatili.

Na wameshasema. Julai moja jirani yangu hapa Uyole alinifuata mpaka kwenye cherehani. "Mama Dogo, mtoto anapita na singlendi asubuhi yote hii, una nini lakini?" Nikamweleza kwamba mwanangu hatoki jasho. Akanitazama kidogo, akasema, "Kwani Mbeya mwezi wa saba nani anatoka jasho?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Dogo ni jina la nyumbani, la shule naliweka kando. Ana miaka minane. Kwenye faili lake kuna jina refu la kitabibu ambalo hata manesi huliruka. Sisi tunasema tu "jasho". Alizaliwa na tezi za jasho chache mno, hazitoshi kitu. Nywele zake nyepesi kama za kichanga, ngozi kavu, na meno manne tu mdomoni, mawili ya mbele yamechongoka kama misumari. Sisi wengine tukichemka jasho linatoka, na likikauka linaondoka na joto. Kwake joto likishaingia halina mlango wa kutokea. Mpira wa dakika kumi juani unatosha kumfikisha 39. Akipita 40 tunaingia kwenye eneo la degedege, na likiachwa liendelee, joto lenyewe linaharibu ubongo, linaua.

Watu wakisikia hivyo husema, bahati nzuri mko Mbeya, kuna baridi. Ni kweli, ila baridi ya Mbeya ndiyo iliyokaribia kumuua.

Alizaliwa mwezi wa tano. Anayejua Uyole mwezi wa tano na wa sita anajua mtoto mchanga anavyovalishwa hapa: kofia, soksi, sweta mbili, blanketi, halafu mgongoni kwa mama kitenge juu yake. Usiku tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa chumbani (ujinga mwingine huo, hewa yake ingeweza kutumaliza wote watatu). Mtoto anawaka moto. Nampa panadoli, haishuki. Namkimbiza kituo cha afya alfajiri. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, tunapewa dawa mseto hivyo hivyo, "labda kipimo hakijaona". Wiki mbili baadaye tumerudi. Safari hii sindano.

Kuna kitu kilikuwa kinanitia aibu siku hizo. Kila nikifika, tukakaa kwenye benchi la korido, akavuliwa nguo zote apimwe uzito, tukasubiri tena, mpaka zamu yetu inafika mtoto amepoa. Nesi ananiangalia. "Mama, mtoto mzima huyu." Narudi nyumbani najiona mwongo. Namvalisha tena, namfunga tena, usiku anawaka tena. Ilinichukua karibu miaka mitatu kujua kwamba lile benchi la baridi ndilo lililokuwa dawa.

Alipata degedege la kwanza akiwa na miezi tisa. Shangazi yangu akaja mbio kutuzuia tusimpeleke hospitali, kwa sababu kwa wazee wetu mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa. Tulimpeleka. Shangazi alininunia mpaka Krismasi.

Aliyetugundulia ni daktari wa meno. Nilimpeleka Dogo hospitali ya rufaa kwa sababu ya mapengo tu, miaka mitatu na meno hayaoti. Yule daktari akapiga picha ya taya, akakuta hata mbegu za meno hazimo. Akamshika ngozi, akamgusa nywele. Akauliza kama mtoto hupata homa za ovyo. Halafu akanigeukia mimi: "Na wewe, mama, hebu fungua mdomo."

Mimi nina meno mawili ambayo hayakuwahi kuota, huku na huku ya yale ya mbele. Nimekua nikisifiwa mwanya. Mume wangu ndiyo kitu cha kwanza alichonitania nacho. Kumbe ni alama. Daktari akanieleza kwamba kosa hili la kurithi mwanamke anaweza kulibeba likamgusa kidogo tu, jino hapa, ukavu wa ngozi pale, lakini akilipitisha kwa mtoto wa kiume, linamkamata mzima mzima. Kila mimba ya kiume ni nusu kwa nusu. Akauliza, "Kwenu kuna watoto wa kiume waliofariki wachanga?"

Nikasema wawili. Kaka zangu, walionitangulia. Kyela. Wote hawakufikisha mwaka. Wote homa.

Hakusema kitu, aliandika tu. Na mimi nikiwa njiani kurudi, kwenye daladala, nikajiapiza kwamba habari hiyo mama yangu hataisikia kutoka kinywani mwangu.

Maisha ya kila siku siyaelezi sana, yamekuwa kawaida. Chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni, haimtoki mkononi. Fulana ya pamba tunailoweka, tunaikamua, anaivaa mbichi. Kipimajoto kiko kwenye mfuko wangu wa cherehani pamoja na futi na mkasi. Sare ya shule ilinisumbua maana kitambaa chao ni tetroni, na tetroni ni kumfunga mtoto kwenye mfuko wa nailoni. Nilimshonea ya pamba, mwalimu akalalamika rangi imepishana. Nikampelekea cheti. Sasa anakaa dirishani, hakimbii mchakamchaka, na wenzake wanamwita Kibogoyo. Hilo la mwisho ndilo linalomuuma yeye. Joto kwake si jambo. Ananiambia, "Mama, joto linapita, jina halipiti." Baba yake humtania kwamba yeye peke yake nchi hii atakula bila kutoka jasho, na hapo ndipo anapocheka mpaka misumari yake miwili inaonekana.

Nilikaa kuandika habari ya jana, lakini jana haieleweki bila Novemba ya mwaka jana.

Baba yangu alifariki Novemba. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, ni kama mita 500. Yaani unashuka zaidi ya kilomita nzima kuelekea kwenye joto, na Novemba kabla mvua hazijakolea joto la kule linakaa juu ya mtu kama mkono. Tena ni joto lenye unyevu. Hata ukimlowesha mtoto, maji hayataki kukauka, na maji yasiyokauka hayaondoi joto. Nilijua yote hayo. Mume wangu alisema mtoto abaki. Lakini Dogo ndiye mjukuu wa kwanza wa kiume, na babu yake alikuwa akimwita mwenzangu. Nikasema tutakwenda, nitamlinda.

Nilimwacha chumba cha nyuma na feni na beseni. Chumba cha nyuma cha msibani! Saa nne kimeshajaa mabegi na akina mama wanaonyonyesha. Mjomba akapita, akamwona mjukuu amekaa na wanawake, akamshika mkono kwa nia njema kabisa akamketisha na wanaume chini ya turubai. Mimi nilikuwa ndani, kwenye mikeka, karibu na jeneza. Turubai la plastiki, jua la saa tano, watu mia mbili. Saa sita binti wa kaka yangu akaja kunigusa bega. "Shangazi, Dogo hasemi."

Hasemi ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Kwanza huwa anakuwa mkali, analia hovyo, macho mekundu. Akinyamaza ujue tumechelewa.

Kipimajoto kilisoma 40.8. Tukambeba mpaka chini ya mwembe, nikamvua kila kitu. Akina mama wa jikoni walikuwa na mapipa ya maji ya kuoshea mchele. Nikachota, nikamwagia kichwani, kwapani, mapajani. Tukalowesha kanga, wawili wakampepea kwa ungo, maana bila upepo maji yale ni mzigo tu. Bibi mmoja akapiga kelele: "Mnamwagia maji mgonjwa wa homa! Mtampa kichomi, mtaua na huyu!" Mikono ikasita. Kweli kabisa, wale wanawake walisimama na vyombo hewani, na mimi sikuwa na pumzi ya kueleza habari za tezi.

Ndipo mama akatoka ndani. Mfiwa mwenyewe, mjane, ambaye alitakiwa asinyanyuke kwenye mkeka. Kichwa kimefungwa, miguu peku. Akanyang'anya jagi, akasema neno moja: "Mwageni."

Dakika ishirini. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Dogo akafumbua macho, akaniuliza kwa nini yuko uchi mbele za watu. Jirani akatoa Noah yake, tukapandisha mlima vioo vyote chini, na tulipofika Tukuyu mtoto akadai ndizi. Baba yangu alizikwa saa nane. Niliyasikiliza mazishi kwa simu, mdogo wangu akiwa ameishika juu. Kwaya niliisikia vizuri. Udongo nao niliusikia.

Tangu siku hiyo sikumshusha tena Kyela, na mama hapandi Mbeya. Anasema baridi yetu inamtafuna mifupa. Miezi kumi na moja wameongea kwa simu tu. Wazo la Tukuyu lilikuwa lake: "Pale si kwangu si kwako. Nusu baridi, nusu joto."

Basi jana asubuhi tukapanda kosta pale Nanenane. Dogo nilimkalisha mbali na injini na nikafungua dirisha. Kufika Isyonje, ukungu unaingia, abiria wa nyuma wakaanza: mama, funga, tunaganda! Nikajifanya dirisha limekwama. Dogo aliniangalia akitabasamu, anajua mama yake ni mwongo mzuri kwenye mambo ya madirisha.

Mama alikuwa amefika kabla yetu. Amekaa kwenye kibaraza cha mgahawa karibu na stendi, kilo tano za mchele miguuni na samaki wa mbasa wakavu kwenye gazeti. "Mume wangu," akamwambia Dogo, "umenitelekeza mwaka mzima, matumizi hutumi." Dogo akajificha nyuma yangu kwa aibu, kisha akatoka. Tukaagiza mbalaga, ndizi zilizopondwa vizuri ndiyo chakula pekee anachokula bila kupigana nacho. Akamwonyesha bibi yake chupa yake ya maji, jinsi ya kuzungusha mdomo wake ili itoe mvuke badala ya mchirizi.

Mama akaishika ile chupa muda mrefu. Dogo alikuwa ameondoka kwenda kuangalia pikipiki. Akasema, bila kuniangalia:

"Siku ile ya baba yako. Yale maji yalikuwa ya mchele."

"Ndiyo, mama."

"Hamkuweka dawa."

"Hatukuweka."

Akanyamaza. Kosta ya Kyela ikapiga honi, konda anaita. Akasema, "Wale wenzako, wa kwanza alikuwa hana nywele. Tulisema zitaota. Nilikuwa namfunika, anawaka, nazidi kumfunika. Ziwa liko pale." Halafu, "Ni maji tu, mwanangu?"

Miaka mitano nilikuwa nimejiandaa kukwepa swali hilo. Siwezi kuapa kwamba kaka zangu walikuwa na jasho la Dogo. Hakuna aliyewapima, na Kyela ina malaria ya kweli inayoua watoto kweli. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia sijui, mama. Akaitikia kwa kichwa, kwa namna ile ya kumsaidia anayekudanganya.

Dogo akarudi. Hali ya hewa ilikuwa ya mawingu, ubaridi kidogo, mikono yake nimeigusa ilikuwa baridi kabisa. Mama akamwambia, "Njoo hapa, mume wangu, geuka." Akampulizia maji mgongoni, shingoni, nyuma ya masikio. Dogo akaruka, anacheka, anasema bibi, sina joto! Akapuliza tena. Nilitaka kumwambia inatosha, mtoto atatetemeka njia nzima. Nikamwacha akapuliza mpaka chupa ikaisha.