Masika wanakuja wote, kiangazi tunabaki wachache

Kuna kitu nimekiona kwenye klabu yetu ya bustani huku Tabata, Dar, na nahisi klabu zote za namna hii ziko hivyo hivyo, mvua za kwanza za mwezi wa tatu zikidondoka tu watu wanajaa. Grupu la wasap linachangamka, kila mtu anauliza mbegu ziko wapi, majembe hayatoshi, watoto wanakuja, na wale vijana wa fulana zinazofanana nao wanatokea, wanapiga picha jembe begani, wanaposti, wanaondoka. Njoo mwezi wa pili sasa. Kaskazi inapuliza hewa ya moto, saa mbili asubuhi jua lishakuwa kali, unakuta watu wanne na madumu yao na hakuna hata mmoja anayepiga picha. Ndo maana siku hizi nasema waziwazi, hata kama wengine wananuna, klabu ya bustani haiendeshwi na wanaopanda, inaendeshwa na wanaomwagilia.

Kiwanja chenyewe kiko nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, zamani watu walikuwa wanatupa takataka pale, tukaomba, tukasafisha, tukapewa tutumie kwa masharti kwamba hakuna kujenga chochote cha kudumu. Tuna matuta 12, kila moja upana mita 1 na urefu mita 10 hivi. Udongo ni kichanga, unamwaga maji yanazama huku unaangalia. Mchicha kwenye kichanga kama hiki wakati wa jua unataka kama lita 4 mpaka 6 kwa mita moja ya mraba kwa siku, sasa piga hesabu, tuta moja ni madumu mawili mpaka matatu ya lita 20, zidisha kwa 12 unapata madumu kama thelathini kwa siku moja, nusu asubuhi nusu jioni, na kesho tena, na keshokutwa tena, Jumapili na sikukuu. Mchicha haujui sikukuu. Ukikosa siku mbili mwezi wa pili unakuta umelala chini na mingine imeanza kutoa maua kabla hata haijafika magotini.

Maji yetu ni ya kisima cha kuchimba na yana chumvi kidogo, kama visima vingi vya Dar. Matembele na mchicha havina shida sana na hiyo chumvi, lakini maharage ndo yalikataa kabisa, majani yakaungua kwenye ncha kama yamepitishwa motoni, tukaachana nayo. Watu huwa wanatuuliza kwanini tusichote mtoni maana Msimbazi haiko mbali, jibu ni hapana, tena hapana kubwa. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 1999 wa mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mto Sinza na Msimbazi, wakakuta madini mazito ikiwemo risasi. Na tangu 1999 jiji halijapungua, limeongezeka. Bora chumvi.

Mwezi wa kumi 2022 ndo nilielewa watu wa zamu wana thamani gani. Mto Ruvu, ambao ndo unalisha mabomba ya jiji, ulishuka sana mwaka ule, vuli ilichelewa, jiji zima likaingia kwenye mgao wa maji, na kisima chetu kikawa foleni maana majirani wote walihamia hapo, huwezi kumwambia mama mwenye mtoto mchanga asubiri eti kwanza unamwagilia bilinganya. Tukakaa kikao chini ya mwarobaini tukaamua matuta manane yalale, tubaki na manne. Kisamvu kwenye mpaka hatukukigusa, kile chenyewe kinajitegemea. Watu wenye nyumba zao walianza kuleta maji ya kuoshea vyombo na mboga, yale ya suuza ya mwisho yasiyo na sabuni nyingi, na ndo tulivyovuka. Kila aliyebeba ndoo kipindi kile namjua kwa sura.

Masika nayo ina kazi zake ambazo wale wa picha hawazijui. Wanadhani mvua ikinyesha bustani inajilea yenyewe. Kwanza mvua kubwa inaupiga mchicha mdogo unajaa matope, mwingine unaoza shingoni, kwahiyo tunainua matuta na kuchimba mifereji pembeni kabla ya mwezi wa nne, maana Aprili ndo huwa mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Dar. Nyanya masika ni kujitafutia ukungu tu, majani yanapata mabaka meusi ndani ya siku chache kila kitu kimeisha, sisi tunaziacha mpaka baridi ya mwezi wa sita. Masika ni ya matembele, majani ya maboga, kunde, na mlenda ambao hata hupandi, unajiotea. Na palizi! Magugu ya masika ukiyaachia wiki moja hujui tena tuta liko wapi. Mwaka 2024 ndo usiseme, vuli ya mwaka uliotangulia ilikuwa ya El Niño, masika ikaja nayo nzito, alafu mwanzoni mwa mwezi wa tano kimbunga Hidaya kikapita pwani, tukawa tunafunga mipapai kwa kamba na kuomba Mungu. Bei ya mchicha sokoni hupanda kipindi cha mvua nyingi kwa sababu mabonde wanayolima watu yanajaa maji, basi hapo ndo utaona wanachama uliowasahau wanapita "kusalimia bustani".

Mwezi mtukufu nao una ratiba yake. Wengi kwenye klabu wanafunga, kwahiyo kazi nzito zinahamia baada ya alfajiri kabla jua halijashika, na jioni wale wasiofunga wanachukua zamu ya maji ili wenzao waende kuandaa futari. Hilo hakuna aliyeliandika popote, lilianza lenyewe. Bi mkubwa mmoja, anatokea Tanga, yeye ndo anakagua, na ukimwambia "bi mkubwa pumzika umefunga" anakujibu aliyefunga ni yeye sio mchicha. Krismasi tunabadilishana, wanaokwenda kwao Moshi na Bukoba wanaondoka na mji unabaki mweupe, na hiyo ni Desemba, vuli inaishia ishia na joto ndo linaanza, yaani kipindi kibaya kabisa cha kukosa watu. Bila wale wasiosafiri tungekuwa tunaanza upya kila Januari.

Sasa niongelee mboji maana hiyo ndo kazi ninayoipenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, mnakumbuka ilivyoanza, Disemba 9 mwaka 2015 sherehe za Uhuru ziliahirishwa watu wakaambiwa washike mafagio, na mwaka uliofuata ikawa utaratibu wa kila mwezi. Mtaani kwetu watu walikuwa wanafagia majani makavu wanayachoma moto, moshi mpaka ndani. Tukapita nyumba kwa nyumba tukasema msichome, tupeni sisi. Siku hizi jumamosi hiyo tunazunguka na toroli tunakusanya viroba vya majani, alafu mamantilie wawili wa hapo stendi wanatuwekea maganda ya ndizi, ya viazi na ya vitunguu kwenye ndoo (vyenye mafuta na mifupa hatutaki, vinaita panya), na jirani mwenye kuku anatoa samadi kila anaposafisha banda. Unapanga tabaka, makavu, mabichi, samadi, udongo kidogo, unanyunyiza maji, unachomeka fimbo katikati. Baada ya siku kadhaa unaichomoa unaishika, ikiwa ya moto ujue kazi inaenda, ikiwa ya baridi na kavu ongeza maji, ikinuka ujue umezidisha maji. Kugeuza kila baada ya wiki mbili, na kwa joto la Dar baada ya miezi mitatu hivi una mboji nyeusi nzuri. Kugeuza ndo pa kukimbiwa na watu. Hapo hata wa fulana hawafiki.

Dawa tunatwanga wenyewe, majani ya mwarobaini yanalowekwa usiku kucha, unachuja, unatia sabuni ya unga kidogo ili ishike kwenye majani, unapiga jioni. Lazima jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake haraka. Kwa vidukari inatosha. Kwa kantangaze, yule nondo mdogo wa nyanya, hapana, nisiwadanganye, yule mdudu tangu aingie nchini mwaka 2014 ametesa wakulima wakubwa wenye dawa za gharama sembuse sisi na kinu. Kwa nyanya zetu chache tunakagua jani kwa jani, lenye michirizi linachumwa linachomwa, basi, na hiyo nayo inataka macho ya watu kila siku.

Mda mwingine najiuliza kwanini kwa wa rika langu ni shida kuwavuta. Wazee pale wanasimulia enzi za Siasa ni Kilimo, mwaka 1972 na kuendelea, mpaka watu wa mjini wanahimizwa kulima kila kipande kilicho wazi, na shule za Elimu ya Kujitegemea zina mashamba yake. Wanasimulia wanacheka. Sisi tuliofuata tulilikuta jembe limebaki adhabu, umechelewa namba nenda kalime, umepiga kelele nenda kalime, sasa mtu aliyefundishwa hivyo miaka saba unamwambia njoo ujitolee kulima jumamosi asubuhi, anakuona umechanganyikiwa. Nadhani ndo maana watoto wa sasa wanakuja kwa furaha kuliko wazazi wao. Tumewapa tuta lao, wanapanda wanachotaka, na mwaka huu wametaka karanga, sawa tu.

Mwezi wa sita mpaka wa nane ndo raha. Kusi inavuma, asubuhi kuna kibaridi, mvua zimekata lakini udongo bado una unyevu, nyanya, pilipili hoho, bilinganya na nyanya chungu vinakubali. Mchicha ukiusia leo baada ya wiki tatu nne unang'oa. Na kuna Nane Nane, kanda yetu maonyesho yanakuwa Morogoro, tunachanga nauli wanaenda wachache kwa niaba ya wote, wanarudi na mbegu na maneno mengi. Mwaka 2024 treni ya umeme ilikuwa imeanza safari za Morogoro mwezi wa sita, basi kila mtu ghafla akawa mpenzi wa kilimo anataka kuwa mjumbe wa Nane Nane. Tukasema watakwenda waliomwagilia kaskazi. Kimya grupu zima.

Mwezi wa nane mwishoni tunaanza kusikilizia utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kama wanasema chini ya wastani tunapunguza matuta mapema na kuongeza kisamvu na matembele, kama wanasema juu ya wastani tunazibua mifereji kwanza kabla ya kuwaza mbegu. Kitalu cha nyanya chungu tunasia mwezi wa tisa chini ya makuti, miche inakaa wiki nne mpaka sita ndo inahamishwa, ili mvua za mwezi wa kumi na wa kumi na moja ziikute iko tayari. Mapipa yote ya maji yana mifuniko, hilo serikali ya mtaa wanalikagua hasa, mbu wanazaana humo na homa ya dengue ya 2019 haijasahaulika mtaani kwetu.

Na mavuno. Zamani tulikuwa tunagawana sawa kwa sawa, wanachama wote, kinachobaki tunauza mafungu pale getini na hela inanunua mbegu na kutengeneza pampu. Ugomvi ukawa hauishi. Sasa tuna daftari, kila zamu ya maji inaandikwa, wa zamu wanachukua kwanza wanachotaka, alafu kuna wazee wawili wagonjwa tunawapelekea nyumbani bila kuuliza, alafu ndo wengine. Wapo waliosema huo sio moyo wa kujitolea, kujitolea hakulipwi. Mimi sioni fungu la matembele kama malipo, na anayesema hivyo daftari linamjua hajashika dumu toka masika. Jamaa mmoja alikasirika akatoka kabisa kwenye grupu na maneno makali juu. Juzi karudi anaulizia miche ya pilipili, tumempa minne na zamu ya Jumanne jioni.