Mradi wa Mnakili B: jedwali la herufi limefika wapi

Kwa anayeingia leo: natafuta kujua kama mtu aliyenakili miswada miwili mikongwe ya Hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza, anaweza kutambuliwa kwa jinsi anavyounda herufi zake. Muswada wa kwanza, Hengwrt, uko Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth. Wa pili, Ellesmere, uko Maktaba ya Huntington, California. Wote ni wa karibu mwaka 1400, na picha za kurasa zake zinapatikana mtandaoni bure. Vifaa vyangu ni macho, programu ya kukatia picha na subira.

Historia kwa ufupi. Mwaka 1978 wataalamu wa miswada A. I. Doyle na Malcolm Parkes walionyesha kuwa mkono huohuo umo katika muswada wa mashairi ya John Gower ulioko Trinity College, Cambridge, kazi ya wanakili watano. Waliwaita A hadi E; wetu ni B. Mwaka 2004 Linne Mooney akampa jina: Adam Pinkhurst, karani wa London ambaye kiapo chake kimo katika daftari la chama cha waandishi wa hati wa jiji hilo. Jane Roberts alilipinga jina hilo mwaka 2011, Lawrence Warner naye mwaka 2018, na wataalamu bado wanavutana.

Nilianza na w, maana ndiyo inayovuta jicho: mikono miwili mirefu yenye vitanzi juu, kisha kitu kama tarakimu 3 kinaifunga upande wa kulia. Halafu a yenye matumbo mawili, g iliyojikunja kama 8, r inayoshusha mguu chini ya mstari. Jedwali likajaa haraka, nami nikafurahi. Kisha nikafungua kurasa za wenzake katika muswada wa Trinity: matumbo mawili yapo, 8 ipo, mguu wa r upo. Huo ni mtindo wa anglikana (hauna uhusiano na kanisa), ambao makarani wengi wa Uingereza wa wakati huo walifunzwa. Umbo la herufi ni kama sare ya shule: linakuambia mtu kasoma wapi, halikuambii ni mtoto wa nani.

Ndipo nikaongeza safu ya pili, mwendo wa kalamu. Unyoya unagusa ngozi wapi, unanyanyuka wapi? Tumbo la juu la a linawapita majirani kwa kiasi gani? Mkia wa y unageukia wapi? Milimita nimeziacha, kwa sababu kila maktaba ina kipimo chake cha picha, na hata B mwenyewe anaandika kwa kujiachia zaidi katika Ellesmere kuliko katika Hengwrt, muswada mdogo ambao panya wameutafuna kingo. Sasa kipimo changu ni urefu wa i ya mstari huohuo.

Safu hiyo niliijaribu kwanza kwa mtu anayejulikana. Mnakili E ni Thomas Hoccleve, mshairi na karani wa ofisi ya muhuri wa mfalme, na mashairi yake aliyoyanakili kwa mkono wake yamesalia. W yake inaelekea kuwa duara, g ina kichwa bapa, mkia wa y unapinda kurudi juu. Nilimwomba mdogo wangu akate maneno kutoka kwake na kwa wenzake, ayachanganye, afiche yametoka wapi. Hoccleve alijitokeza mwenyewe, hasa kwa w. Hapo nikapata moyo wa kuendelea.

Shida ni kiapo cha Pinkhurst. Kimeandikwa kwa Kilatini, lugha isiyo na kazi na w, kwa hiyo shahidi wangu bora hayupo. Tena ni maandishi ya kujionyesha mbele ya wenzi wa kazi, yenye madoido mengi, ilhali Hengwrt ni mamia ya kurasa za kazi ya mfululizo. Wanaomtetea Pinkhurst huyapa madoido hayo uzito. Mimi nayapa uzito mdogo, kwa kuwa pambo ndilo kitu rahisi kuliko vyote kuiga kutoka kwa mwenzako wa meza ya pili. Kwa hiyo katika jedwali jina linabaki "B", na kiapo kina ukurasa wake peke yake.

Ila kuna njia ambayo sijaimaliza. Pembezoni mwa Ellesmere kuna maelezo mengi ya Kilatini, na utangulizi wa Mwanamke wa Bath, mmoja wa wasimulizi katika Hadithi hizo, umejaa hayo. Hapo ninaweza kupambanisha Kilatini na Kilatini. Nimeshaanza kukata a, d na g za pembezoni. H zinafuata, kisha nitaziweka kando ya zile za kiapo kwa kipimo kilekile cha i.