Nilivyopunguza uzito wa Datsun 240Z kwa mbio za vumbi Nyanda za Juu

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na taabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake kabla hujaigusa. Kuzirudisha kwenye L24, injini ya 240Z, ni gharama, maana kemshafti na pistoni za mbio zinaagizwa nje. Kilo zinatolewa kwa spana na tindo. Gari hili lilitoka kiwandani na kilo 1,040 hivi, kwa hiyo ukitoa 100, kila farasi aliyebaki ana mzigo pungufu kwa karibu sehemu ya kumi.

Nilianza na kupima. Mizani ya malori haifai, inasoma kwa hatua kubwa mno. Nilitumia mizani ya jukwaa ya magunia ya viazi: tairi moja linapanda, matatu yanakaa juu ya mbao za kimo kilekile, sakafu iwe sawa, dereva kitini, tangi nusu. Mbao zikipishana hata kidogo, kilo zinahama kutoka kona hadi kona. Kila kilichotoka kwenye gari nacho kilipimwa na kuandikwa daftarini, hadi boliti. Fundi akikwambia kitu fulani "ni chepesi tu", kiweke kwenye mizani.

Kazi chafu kuliko zote ni lami iliyobandikwa sakafuni kuzuia kelele. Asubuhi za Juni na Julai inakuwa kavu, inabanduka vipande kwa tindo pana butu, ukiilaza karibu na bati. Ukiisimamisha unatoboa. Palipo laini, tumia hita na kikwangulio, kisha futa mabaki kwa mafuta ya taa baada ya bati kupoa. Chini ya lami utakuta kutu, hasa miguuni na chini ya betri. Kata hadi bati zima, lehemu kiraka cha milimita 1, piga praima siku hiyohiyo.

Ukishatoa mapambo ya ndani upande wa nyuma kulia, utaona kikopo cha mvuke wa petroli na mipira yake. Mipira hiyo ina zaidi ya miaka 50. Badilisha yote, halafu ziba kwa bati la alumini kati ya dereva na tangi, kwa sababu mapambo ndiyo yaliyokuwa yanazuia harufu kidogo.

Vioo vya pembeni na cha nyuma niliweka polikaboneti ya milimita 3. Mita moja ya mraba ina kilo 3.6, kioo cha milimita 5 kina 12.5, na uzito huo uko juu, mahali pabaya kabisa kwenye kona. Usikubali akriliki, inavunjika vipande vikali. Tundu liwe milimita 8 kwa boliti ya 5, na washa ya mpira, kwa kuwa plastiki hii hutanuka na jua. Ukiibana sana inapasuka kuanzia tundu. Usiisafishe kwa thina. Kioo cha mbele kibaki cha asili.

Boneti tulilimwaga kwa faibaglasi: mkeka wa gramu 450, tabaka mbili, la tatu kingoni, mbavu kwa ndani. Resini ni mara mbili na nusu ya uzito wa mkeka. Kwa baridi ya huku, usiongeze kigandishi kupita asilimia 2 ukidhani unaharakisha, boneti litapinda. Fanya kazi saa sita mchana, kukiwa na nyuzi 15 au zaidi. Funga kwa pini nne, bawaba za zamani zitalirarua.

Kuna vitu sikugusa. Wapo wanaotoboa mikono ya saspensheni na reli za chesisi ili kuokoa gramu. Kwenye makorongo, ufa unaanzia ukingoni mwa tundu hilohilo. Keji, yaani fremu ya mabomba inayomlinda dereva gari likipinduka, nayo inaongeza uzito na hakuna mjadala: bomba lisilo na mshono la milimita 45 kwa 2.5 lina kilo 2.6 kwa mita, na mita 15 ni karibu kilo 40. Bomba la maji la duka la ujenzi halifai. Hata 240Z zilizoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na 1973 hazikuwa maganda matupu. Zilibeba ngao ya chini na spea.

Petroli watu huisahau. Tangi la lita 60 likijaa ni kilo 44. Jaza ya kutosha hatua inayofuata pamoja na akiba.

Gari likishakuwa jepesi linapanda kwa sentimita moja hadi mbili, na kemba ya matairi (jinsi yanavyoinama ndani au nje) inabadilika. Shusha springi, kisha pima upya: mbele kulia jumlisha nyuma kushoto, gawa kwa uzito wote, tafuta asilimia 50. Halafu breki. Uzito mwingi umetoka nyuma, kwa hiyo dramu za nyuma zinafunga magurudumu kabla ya disiki za mbele na mkia unakimbia. Weka vavu ya kurekebisha kwenye bomba la nyuma. Kwenye vumbi uzito hauhamii mbele sana kama kwenye lami, ndiyo maana nyuma inaweza kupewa breki zaidi. Rekebisha kwenye udongo utakaokimbilia, ukianza na mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hadi mbele ifunge kwanza kwa tofauti ndogo tu.