Nilivyotafuta Bia ya Kwenda na Nyama Choma

Ushauri mwingi kuhusu bia na nyama ya kuchoma umeandikwa na Wamarekani, nao wanapotaja nyama ya kuchoma huwa wanawaza chakula kingine kabisa: mbavu za nguruwe zilizopakwa sosi nzito ya nyanya na molasi, kama ilivyo desturi ya Kansas City, au kidari cha ng'ombe cha Texas kinachokaa kwenye moshi wa kuni usiku kucha. Nilipoanza kununua bia za viwanda vidogo vya Nairobi, kama vile Bateleur na 254 Brewing Company, nilijaribu kuufuata ushauri huo, kisha nikauweka kando, kwa sababu mbuzi wetu hana sosi. Ana chumvi, ana mafuta yake mwenyewe na ana ule ukoko uliobabuliwa na makaa. Uchachu na ukali huletwa na kachumbari na pilipili, ambavyo kila mlaji hujipimia. Tangu hapo nilianza kuzitafutia bia ladha hizo moja moja, bila kujali sana kama nyama iliyo mezani ni ya mbuzi au ya ng'ombe.

Niliamua kufanya majaribio nyumbani, jiko la makaa likiwa uani na marafiki wachache wakiwa wamekubali kula polepole, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Bia humiminwa kiasi cha robo ya glasi. Kila mtu huinusa kwanza, hunywa funda moja bila chakula, hutafuna kipande cha nyama yenye chumvi tu, hunywa tena, kisha hurudia na nyama iliyochanganywa na kachumbari. Katikati tunakula tonge la ugali mtupu na kunywa maji ili ulimi usafike. Tunaanza na laga, tunaendelea na bia ya ngano, halafu IPA (India Pale Ale, bia yenye uchungu mwingi), na kumalizia na stauti, ile bia nyeusi, kwa kuwa uchungu na ladha ya kuungua vikishakaa ulimini, bia nyepesi inayofuata huonekana kama maji. Nimewazoesha pia kupangusa midomo kabla ya kushika glasi, maana mafuta ya nyama huua povu mara moja, na povu likizimika harufu nayo hupungua.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni baridi ya bia. Mafuta ya mbuzi huganda haraka, na kila aliyeacha nyama ipoe kwenye ubao ameyaona yakigeuka kuwa meupe. Hali hiyohiyo hutokea kinywani mtu anapomeza laga iliyotoka moja kwa moja kwenye friji yenye nyuzi 4 za Selsiasi: mafuta hushika kaakaa, na funda la pili halina ladha ya nyama wala ya bia. Nilipoanza kuitoa laga kwenye friji mapema na kuiacha ipungue ubaridi kidogo, gesi yake iliweza kusugua mafuta na kuuacha ulimi mwepesi. Kwa stauti tofauti ni kubwa zaidi, kwani aina hiyo hufunguka ikiwa kati ya nyuzi 10 na 13, na jioni za Julai hapa Nairobi chupa iliyoachwa barazani hukaribia kiwango hicho bila msaada wowote. Wazee wanaoagiza bia moto kwenye baa, yaani isiyowekwa kwenye friji, na ambao vijana huwacheka, wamekuwa karibu na ukweli huu kwa miaka mingi.

IPA ndiyo iliyoleta ubishi. Uchungu wake wa hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hukata mafuta ya mbavu za ng'ombe vizuri sana, hasa sehemu za pembeni zilizoungua kidogo, na harufu yake ya maganda ya chungwa huipa nyama uhai. Lakini weka pilipili mbichi na kitunguu kibichi juu ya mbavu hizo, na mambo hubadilika: uchungu, gesi na kilevi, ambacho katika IPA kwa kawaida ni asilimia 6 au zaidi, vyote huuchochea mwasho badala ya kuutuliza. Rafiki mmoja anayependa pilipili aliifurahia hali hiyo na bado anaitetea. Mimi naiona kuwa adhabu, kwa hiyo kwangu IPA huja pamoja na mbavu kabla bakuli la kachumbari halijafika mezani. Anayetaka pilipili nyingi apewe bia ya rangi ya kahawia yenye utamu wa kimea, kwa sababu utamu ndio unaopunguza ule moto.

Kuku hakunisumbua. Bia ya ngano ya mtindo wa Bavaria, ambayo hamira yake hutoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu, inamfaa akichomwa kwa ndimu na kitunguu saumu, na mishikaki iliyolowekwa ukwaju huipokea vizuri vilevile.

Mutura, soseji yetu ya utumbo, kwa upande mwingine, ilinishangaza. Damu, dania na utumbo uliokaushwa juu ya makaa ni ladha nzito ambazo laga huzikimbia, ilhali stauti huzikabili kwa ladha yake ya kahawa inayotokana na shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi. Ukoko wa mutura na shayiri hiyo vimepitia moto mkali wa namna moja, na kinywani huwa vigumu kuvitenganisha. Kwa mantiki hiyo nilidhani kwamba bia ya moshi ya Bamberg, ambayo kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni za mbuki (beech), mti wa misitu ya Ulaya, ingekuwa bora zaidi. Chupa niliyoletewa na rafiki kutoka Ujerumani ilionyesha kwamba moshi juu ya moshi huchosha; ilipendeza zaidi na ugali na maziwa lala, mchanganyiko ambao sikumlazimisha mtu yeyote kuujaribu.

Bia hizi ni ghali kuliko laga ya kawaida, na kwa hiyo nanunua chupa moja ya kila aina kwa watu wanne, tunaionja wakati mchomaji anatukatia vipande vya kwanza, na nyama yote iliyobaki huliwa kwa laga isiyo baridi sana.