Maji Ndiyo Yaliyonitoa Jasho

Wageni wa maabara yetu ya fuwele, tulikopiga fuwele kwa eksirei ili kujua muundo wa ndani, walikuwa na swali lilelile: mionzi haitakudhuru? Nikiwaonyesha kabati la kinga lenye vioo vyenye madini ya risasi, na jinsi mlango ukiguswa tu eksirei inavyokatika, wanatulia. Habari za maji hakuna aliyeuliza. Mimi maji ndiyo yaliyokuwa yakininyima usingizi.

Mtambo wetu wa eksirei ulikuwa wa anodi inayozunguka, yaani kipande cha shaba kinachogongwa na elektroni huku kikizunguka. Elektroni zinasukumwa kwa volti 40,000 hadi zigonge shaba, na karibu asilimia 99 ya nguvu hiyo inaishia kuwa joto tupu. Eksirei ni makombo yanayobaki. Maji yasipopita ndani ya shaba ile, inaungua.

Usiku mmoja mtafiti kijana alikuwa na fuwele ya protini aliyoihangaikia kwa miezi. Ndogo kuliko punje ya chumvi, imenaswa kwenye kitanzi cha nailoni, inapulizwa nitrojeni ya kelvini 100, yaani nyuzi 173 chini ya sifuri. Picha za kwanza zilijaa madoa makali hadi pembezoni, dalili ya fuwele nzuri. Nikajinyoosha kitini nilale kidogo.

"Fundi! Fundi amka, imezima!"

Skrini ilisema mtiririko wa maji umepungua. Mtambo ulikuwa umejizima wenyewe, kama inavyotakiwa. Nikafungua chujio, nikakuta utelezi wa kijani. Mwani.

Yeye alitaka kuitoa fuwele airudishe kwenye nitrojeni kimiminika. "Usiiguse, dada," nikamwambia. Ubaridi ule hautegemei eksirei, na kila ukiihamisha fuwele unaikaribisha barafu. Hatari ilikuwa kwenye tangi la nitrojeni, lililokuwa linakaribia kuisha. Nikampa kazi hiyo: glavu, miwani, mlango wa chumba wazi, maana lita moja ya kimiminika hicho huwa karibu lita 700 za gesi na kuifukuza oksijeni chumbani. "Kengele ya oksijeni ikilia, toka. Usirudi hata kwa ajili yangu."

Mimi nikabaki na brashi, ndoo na maji safi yaliyotolewa madini. Kusugua chujio ni kazi ndogo. Kutoa mapovu kwenye mabomba ndiko kunakomaliza subira. Ili kumpoza nikamkumbusha Dorothy Hodgkin, mwanasayansi Mwingereza aliyepiga picha za fuwele ya insulini mwaka 1935 na kuupata muundo wake 1969.

"Mimi sina miaka thelathini na nne, fundi," akajibu bila kucheka.

Maji yalipotulia nikapandisha umeme hatua kwa hatua. Kwenye haraka ndipo filamenti, ule waya unaotoa elektroni, hukatika, na filamenti mpya maana yake ni kufungua ombwe na kusubiri pampu zilirudishe. Picha mpya ikaja: madoa yapo palepale. Kulikuwa na duara hafifu, alama ya barafu kidogo, tukalivumilia.

Asubuhi nikafuata mabomba kwa mkono. Kipande kimoja cha mpira unaopitisha nuru kilipita chini ya dirisha, jua likikipiga kutwa nzima. Mwani ulikuwa umepewa kila ulichohitaji. Mkuu wa maabara alikuwa ameshaanza kuandika ombi la pampu mpya. Nikamwambia aandike mita chache za mpira mweusi.