Kelele ya Probox asubuhi: si kila "tik tik" ni tapeti

Wenye Probox wa Malindi, hii ni yenu. Gari langu likiwashwa asubuhi lilikuwa linalia tik tik tik kama cherehani, likishapata moto kelele inapungua. Barazani kila mtu fundi: "Tapeti hizo, fungua injini!" Yaani vile vikombe vinavyosukuma valvu, milango ya injini ya kuingiza hewa na kutoa moshi.

Fundi wangu hapa Shela hakufungua kitu. Alikuja alfajiri, injini baridi, akamwambia mwanangu awashe, akamulika tochi kwenye manifoldi ya ekzosti, bomba linalokusanya moshi unaotoka kwenye injini. Pembeni mwa gasketi, kizibo chembamba kati ya manifoldi na injini, palikuwa na mstari mweusi wa masizi. Moshi ulipenya hapo. Chuma kikipata joto hutanuka, upenyo unajiziba, na kelele inakufa.

Kazi ikawa nati. Hewa hii ya chumvi tunayoisifia jioni imezila mpaka spana inateleza. Dawa ya kutu usiku kucha, moto kidogo, na bado stadi moja (bolti inayoshika nati) ikakatika, ikatobolewa kwa drili. Uso ukasawazishwa, gasketi mpya, nati zikakazwa kutoka katikati kwenda pembeni.

Nikamwomba apime pia nafasi za valvu, roho itulie. Kwenye 1NZ, injini ya gari hili, ikiwa baridi, za kuingiza hewa ni milimita 0.15 hadi 0.25, za ekzosti 0.25 hadi 0.35 kwa kuwa zinapata moto zaidi. Zote zilikuwa sawa. Na injini hii haina skrubu ya tapeti. Nafasi ikizidi hubadilishwa vikombe vyenyewe. Anayetaka "kukukazia tapeti" muulize atakaza wapi.